Boti Ipo, Mafuta Yapo, Watu Je?

Wadau, leo naomba niandike kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi tangu mwaka jana. Najua wengi mnaoingia hapa ni vijana wa mikoa ya ziwani na wengine wa pwani, kwa hiyo hili linawahusu hata kama hamjawahi kupanda mtumbwi. Ni habari ya vikundi vya kujitolea vya usalama majini: vinapataje watu, na kwa nini vingi vinakufa kabla havijaokoa hata mtu mmoja.

Mimi ni katibu wa kikundi kimoja cha namna hiyo kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Mwalo sitautaja jina, mtaelewa kwa nini. Tuna mtumbwi wa mbao wenye mashine ya nguvu za farasi 15, majaketi ya kujiokolea 12, kamba mbili ndefu, tochi kubwa na filimbi. Na tulikuwa na daftari la wanachama 23. Daftari zuri kweli kweli, lina picha za pasipoti na mhuri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kama saa kumi jioni. Upepo uligeuka ghafla kama ziwa letu linavyojua kufanya. Mtumbwi wa kasia uliokuwa na vijana watatu ukapinduka, tena si mbali, tunawaona kwa macho. Nikakimbia kwenye boti yetu. Mafuta yapo. Majaketi yapo. Dereva wa mashine yuko harusini. Msaidizi wake kaenda mjini kuuza samaki. Wa tatu simu haipatikani. Na mimi katibu mwenye mhuri sijui hata kuwasha mashine. Wavuvi wawili waliokuwa wanashona nyavu pembeni, ambao wala si wanachama wetu, waliruka kwenye mtumbwi wao wakapiga kasia mpaka kule. Wakarudi na kijana mmoja. Wawili tuliwatoa baadaye, mmoja kesho yake, mwingine siku ya tatu.

Pale ufukweni tulikuwa watu zaidi ya hamsini.

Baada ya msiba watu walisema yale yale tunayosema siku zote: serikali ilete boti ya uokoaji. Sikatai, boti zinahitajika, na za kisasa. Lakini jamani, siku ile boti ilikuwepo! Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, mbele ya macho yangu.

Sasa wengine mtasema Waswahili hawapendi kujitolea. Huo ni uongo, na ushahidi tunao. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara, kivuko cha kubeba abiria 101 na waliokufa wakazidi 220, waliofika kwanza ni wavuvi na wakazi wa pale pale. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, mitumbwi ya wavuvi ndiyo iliyoifikia mwanzo, na watu 24 wakatoka hai. Hakuna aliyewaita kwenye semina wale. Hakuna aliyewapa fulana. Waliona watu wanakufa, wakaenda.

Kwa hiyo moyo upo. Kinachokosekana ni kitu kingine kidogo sana, nacho kinaboa kukieleza: kujua leo saa hizi nani yuko zamu, yuko wapi, na anajua kufanya nini. Mtu jasiri ambaye hujui alipo hana tofauti na boti iliyofungwa kwenye nguzo. Kutafuta wanachama maana yake ni kuwachukua wale wale ambao wangeruka tu hata bila kuambiwa, ukawapanga, ukawafundisha, na ukaweza kuwapata kwa simu. Mimi nilichukua miaka miwili kulielewa hilo, na lilinigharimu aibu.

Hebu niwaeleze tulivyoharibu mwanzo, maana naona vikundi vingi vinaharibu hivi hivi. Tulikodi bodaboda lenye spika likazunguka kijiji kizima: "Vijana wote, mkutano wa mradi wa uokoaji!" Neno mradi ndilo lililotumaliza. Walikuja watu kama sabini, wengine wamevaa mashati ya kanisani. Mwenyekiti akahutubia, akahutubia, akasema uzalendo, akasema ushujaa. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: "Posho ni shilingi ngapi?" Tulipojibu kwamba hakuna posho, walibaki watu ishirini na kitu. Nao walibaki kwa sababu waliona soda zimeletwa. Hao ndio tuliowaandika kwenye daftari, tukapiga picha, tukaona kazi imekwisha.

Msinielewe vibaya, siwacheki waliouliza posho. Kijana wa mwaloni anaishi kwa kazi ya siku. Ukimwita asubuhi ya siku ya kazi umemnyang'anya chakula cha jioni, na nyumbani kuna mtoto. Kujitolea hakuna maana ya kutoa hela yako mfukoni ili uokoe watu. Kosa letu lilikuwa kuita watu bila kujua maisha yao yanakwendaje, halafu tukashangaa hawaji.

Mfano mmoja. Mazoezi tulikuwa tunayapanga Jumatano asubuhi, kwa sababu ndiyo siku mwenyekiti alikuwa na nafasi. Sasa wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku, na taa, kwenye giza. Asubuhi wamelala kama magogo. Lakini mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa vizuri, kwa hiyo siku zile wengi wanapumzika, wanashona nyavu na kucheza bao. Tulipohamishia mazoezi kwenye siku za mbalamwezi, mahudhurio yalipanda kutoka wanne hadi kumi na moja kwa mwezi mmoja. Hakuna hotuba iliyofanya kazi hiyo, ni kalenda tu.

Nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Uingereza na Ireland kuna shirika linaitwa RNLI, lilianzishwa mwaka 1824. Lina vituo 238 vya boti za uokoaji na linaendeshwa kwa michango ya watu. Wanaopanda boti zile wengi sana ni watu wa kujitolea: walimu, mafundi bomba, wauza duka. Wito ukilia, anaacha nyundo anakimbia kituoni. Zamani walikuwa wavuvi. Uvuvi ulipopungua ikabidi wachukue watu wa nchi kavu, na siku hizi ni kama mmoja tu katika kila kumi mwenye kazi ya baharini. Wengine wote wamefundishwa kutoka sifuri. Kitu cha kwanza wanachokiangalia si misuli, ni unakaa wapi. Kama huwezi kufika kituoni kwa dakika chache, kazi ya kwenye boti haikufai hata uwe samaki. Utapewa nyingine: kuchangisha, kufundisha watoto shuleni, kuuza duka la shirika.

Nilipolisoma hilo nikafungua daftari letu. Kati ya wale 23, tisa walikuwa wanakaa kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima kwa miguu! Tuliwaandika kwa sababu walikuja mkutanoni.

Au tazama Afrika Kusini, tusije tukaambiwa hayo ni mambo ya wazungu wenye hela. Mwaka 1966 wavuvi 17 walikufa maji kwenye dhoruba karibu na Still Bay. Mama mmoja, Patti Price, akaanza kuandika barua kwenye magazeti akisema nchi inahitaji watu wa kujitolea kuokoa wenzao baharini. Barua tu! Mwaka 1967 kazi ikaanza na boti moja ndogo ya kujaza upepo. Leo shirika hilo, NSRI, lina vituo pwani nzima na hata kwenye mabwawa. Aliyeanzisha hakuwa na boti wala nahodha. Alikuwa na kalamu na alikuwa king'ang'anizi.

Na Marekani wana chama cha kujitolea kinachosaidia walinzi wao wa pwani, Coast Guard Auxiliary, tangu 1939. Hawa wengi wao wala hawafukuzani na mawimbi. Wanakagua boti za watu bure na kufundisha. Ukitaka kujua kwa nini, takwimu za Coast Guard za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba katika waliokufa maji kwenye ajali za boti za starehe, 87 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi. Kazi kubwa iko kabla mtumbwi haujatoka.

Basi tukatupa lile daftari tukaanza upya. Safari hii hakuna spika. Nilienda kwa mtu mmoja mmoja. Wa kwanza walikuwa wale wavuvi wawili waliopiga kasia siku ile. Nilidhani watanifukuza. Mkubwa wao aliniangalia akasema, "Katibu, nyie mlikuwa na mashine mkasimama. Mimi niingie kwenye kikundi cha watu wa kusimama?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia ndiyo maana nimekuja, sitaki tena kusimama. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema atakuja mara moja aone. Mpaka leo yupo, na ndiye aliyenifundisha kuwasha mashine.

Nilijifunza kuomba kitu kidogo chenye mwisho. Ukimwambia mtu "jiunge nasi tuokoe maisha" atakuitikia kwa heshima na hutamwona tena. Ukimwambia "kaka, siku za mbalamwezi njoo saa tisa mpaka saa kumi na moja, tutarusha kamba, ukichoka usirudi" anakuja. Kuhusu hela tunasema wazi siku ya kwanza: posho hakuna, lakini mafuta si yako, vocha ya simu ya zamu si yako, jaketi si lako kununua. Wenye mitumbwi tumewaomba kila mmoja atoe lita moja ya petroli kwa mwezi. Wengine wanatoa, wengine wanapiga chenga, lakini tanki halijakauka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalijutia kuliko yote. Kwenye lile daftari la kwanza hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Kina mama wanaoanika dagaa wako ufukweni kutwa nzima, macho yao yako majini kwa sababu wanasubiri mzigo. Wanajua nani katoka saa ngapi, kaenda upande gani, na nani hajarudi. Sisi wanaume tulikuwa tunawapita kwenda kufanya mkutano wa usalama! Mama mmoja wa makamo, hajui kuogelea na hataki kujifunza, sasa anashika kitabu cha kutoka na kurudi. Kila mtumbwi unaotoka anaandika, unaporudi anaweka alama. Miezi mitatu iliyopita saa moja asubuhi alinipigia: "Mwanangu, mtumbwi wa fulani haujarudi, na wenzake wote wamerudi." Tukatoka. Tuliwakuta mashine imezima, wanapelekwa na upepo, wamechoka kuchota maji na ndoo. Wote wanne walirudi nyumbani wakanywa chai. Hilo halikuandikwa gazeti lolote, maana hakuna aliyekufa.

Na vijana wa kompyuta nanyi mna kazi, msidhani nimewasahau. Kijana wetu mmoja wa kidato cha nne hapandi boti, mama yake amekataa kabisa na sisi tumeheshimu. Yeye kazi yake ni kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ajili ya ziwa, kuuandika kwa maneno mafupi na kuubandika kwenye mbao pale mwaloni kabla ya jua kuzama, na kuutuma kwenye simu. Dhoruba za ziwa letu nyingi zinaumbika usiku na alfajiri, saa ambazo watu wa dagaa wako ndani kabisa. Karatasi yake imewafanya baadhi ya manahodha wasitoke. Wanalalamika, lakini hawatoki. Pia ndiye anayehakiki orodha ya simu kila wiki: namba ya nani imekufa, nani kahama. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji imeandikwa juu kabisa kwa rangi nyekundu.

Mtu akishakuja mara ya kwanza, kinachomrudisha ni kujifunza kitu. Hili sikulitarajia. Tunaanza na methali: mfa maji haachi kutapatapa. Mkufunzi aliyetujia alituambia methali inasema kweli nusu. Mfa maji akikushika hakuachii, atakuzamisha nawe, kwa hiyo usimwogelee mikono mitupu. Mrushie dumu tupu lililofungwa kamba, au mnyooshee kasia. Lakini ile ya kutapatapa inatudanganya. Mara nyingi anayezama yuko kimya. Hapigi kelele, hapungi mkono, anahangaika kuvuta pumzi tu, na mtu aliye mita kumi anadhani anaoga. Siku hiyo wavuvi wazima, wenye ndevu, walikaa kimya. Mmoja akasema polepole, "Basi mdogo wangu ndivyo alivyokwenda."

Tukajifunza pia kwamba kumning'iniza mtu kichwa chini au kumkamua tumbo ni kupoteza muda. Kama hapumui anahitaji pumzi na kusukumwa kifua, hapo hapo, mpaka msaada ufike. Haya mambo yanafundishika kwa alasiri chache. Shirika la Afya Duniani linayahesabu mafunzo ya uokoaji salama kwa watu wa kawaida kuwa moja ya njia sita kuu za kupunguza vifo vya maji, na Mwanza yenyewe kuna EMEDO ambao wamekuwa wakifanya kazi na watu wa mialoni kuhusu hili hili. Hakuna haja ya kuanza peke yenu gizani. Onaneni na BMU ya mwalo wenu, na TASAC wanaosimamia usalama wa vyombo, kabla hamjanunua hata filimbi.

Kuna watu tunaowakataa, na hili linawashangaza wengi kwamba kikundi chenye njaa ya watu kinakataa watu. Mlevi hapana, hata awe nahodha bora. Anayetaka tu fulana na kitambulisho hapana. Mwanasiasa anayetaka kutupa majaketi yenye picha yake tulimshukuru tukamwomba alete yasiyo na picha, hajarudi.

Na ndugu wawili hawapandi boti moja. Hili tulilitoa kwa wale RNLI. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981, boti ya uokoaji ya kijiji cha Mousehole, kusini magharibi mwa Uingereza, ilitoka na watu wanane kwenda kuokoa wanane wengine kwenye meli ya Union Star. Nahodha alimkatalia kijana mmoja kupanda kwa sababu baba yake alishapanda; hakutaka wawili wa nyumba moja kwenye hali ile. Hakurudi mtu, wote 16 walikufa. Kijiji kidogo, msiba nyumba kwa nyumba. Na ndani ya siku moja watu wa kutosha wa kijiji kile kile walikuwa wamejitokeza kuunda kikosi kipya. Yule kijana aliyeachwa nchi kavu baadaye alikuja kuwa nahodha wa boti ya uokoaji ya pale pale. Niliwasomea wenzangu habari hii chini ya mwembe, na mama wa kitabu akasema kwa sababu hiyo mwanawe wa pili hataandikwa. Tukaafiki.

Leo tuko 16. Ni wachache kuliko 23, lakini kila siku kuna watu watatu wa zamu na majina yao yako ubaoni kwa chaki. Anayetaka kusafiri anatafuta wa kumshikia nafasi kabla hajaondoka, hata kama ni harusi ya kaka yake.

Shida iliyobaki ni madereva wa mashine. Tunao wanne tu, mmoja ni mimi na bado nachechemea. Wazoefu wote wameajiriwa kwenye mitumbwi ya matajiri na tajiri haachii mtu wake mchana kwa ajili ya mazoezi. Tumejaribu kuongea na matajiri watatu, mmoja amekubali, wawili wanasema tutawaharibia ratiba. Wadau wa Ukerewe, Musoma, Kalangala, Homa Bay, na nyie wa Pemba na Mafia: kwenu mliwapataje hawa? Mliongea na tajiri, mliwafundisha wapya, au mlifanyaje? Nisaidieni, maana msimu wa upepo unakuja.